Maswali na Majibu: Hofu ya Ghafla na Njia za Kujituliza

Swali: Moyo hunidunda ghafla, vidole hufa ganzi, nami huhisi kama nakata roho. Je, huu ni ugonjwa wa moyo au ni hofu?

Jibu: Ikiwa ni mara ya kwanza, au maumivu ya kifua yanasambaa hadi mkononi au tayani, nenda hospitali mara moja, kwa kuwa mambo haya hayaamuliwi kwa kukisia. Daktari akishathibitisha kwamba moyo ni mzima, fahamu kuwa ganzi hiyo hutokana na kuhema harakaharaka, jambo linalopunguza kabonidayoksaidi katika damu. Kwa kawaida hofu hii hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe.

Swali: Nilishauriwa kutaja vitu 5 ninavyoviona, 4 ninavyovigusa, sauti 3, harufu 2 na ladha 1, lakini nikimaliza hofu ingali palepale. Nakosea wapi?

Jibu: Pengine unataja vitu kwa pupa, huku ukijikagua kila mara kama hofu imeondoka, na huko kujikagua ndiko kunakoichochea. Zoezi hili halifukuzi hofu. Huipa akili kazi nyingine wakati mwili unaimaliza adrenalini, yaani homoni ya hofu, iliyokwisha kuingia katika damu. Kwa hiyo usiseme tu "kiti" na kupita: tazama mguu wake uliobanduka rangi, pitisha kidole ukingoni, utambue kama ni wa baridi au wa vuguvugu, laini au wenye makwaruzo. Ukitulia kabla ya kumaliza hesabu, iache, hakuna anayekudai. Lifanyie mazoezi pia siku za utulivu, kwa sababu ni vigumu kujifunza jambo jipya hofu ikiwa imepamba moto.

Swali: Je, nipumulie ndani ya mfuko wa karatasi?

Jibu: Hapana, hasa kwa kuwa mwenye pumu au maradhi ya moyo anaweza kudhurika kwa kupungukiwa oksijeni. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe taratibu kwa hesabu ya 6.

Swali: Hofu ilinipata ndani ya basi, nami nimeacha kabisa kupanda mabasi. Nimefanya vyema?

Jibu: Unafuu unaoupata ni wa kweli, ila kila unapolikwepa basi, akili inazidi kuamini kwamba hatari ilikuwa humo. Rudi hatua kwa hatua: kwanza kituo kimoja ukiwa na mtu unayemwamini, kisha viwili, kisha peke yako. Ikiwa hata kituo kimoja hakiwezekani, mwone mtaalamu wa afya ya akili, kwani ipo tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na tabia, na imewasaidia wengi wenye tatizo hili.