Kazi ya Mpaka Inaanzia Kwenye Meza Yako: Kwa Mnaoingia Uwakala wa Safari Nairobi

Wenzangu mnaoanza kazi ya uwakala wa safari hapa mjini, kukata tiketi mtajua baada ya muda mfupi. Kinachochelewa kueleweka ni sheria za huko anakokwenda mteja, na ndizo zinazoamua kama atapanda ndege au atarudi nyumbani na masanduku yake. Nchi nyingi siku hizi hazimsubiri msafiri afike mlangoni. Zinamchunguza akiwa bado kwao, na zinaanza na maneno uliyoyaandika wewe.

Tuanze na Marekani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge la huko lilipitisha Sheria ya Usalama wa Ndani ya 2002 iliyounda Wizara ya Usalama wa Ndani (DHS), na kifungu cha 428 kikaruhusu maofisa wa wizara hiyo mpya kupelekwa kwenye balozi kupekua maombi ya visa. Halafu ikaja Krismasi ya 2009. Kijana wa Nigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alijaribu kulipua ndege iliyotoka Amsterdam kwenda Detroit. Baba yake mzazi alikuwa ameshauonya ubalozi wa Marekani mjini Abuja. Serikali ya Marekani ilipochunguza, iligundua kwamba jina la kijana lilikosewa tahajia, hivyo waliolitafuta wakadhani hana visa, kumbe anayo.

Nawaomba mkae na habari hiyo. Jina lililokosewa, na ndege nzima ya watu karibu iangamie.

Kwa hiyo, unapomhudumia mteja, usiandike jina kwa kulisikia. Mohamed wa Eastleigh si Mohammed wala Muhammad. Fungua pasipoti, nenda kwenye ile mistari miwili ya chini yenye alama za <<<, unakili kutoka hapo. Anayeitwa Ng'ang'a utamkuta pale ameandikwa NGANGA, bila zile alama za juu (') wala nafasi. Nimeona tiketi yenye NG ANG A, na abiria akapoteza saa nzima kwenye kaunta ya JKIA akijieleza. Kwa safari za Marekani, shirika la ndege hutuma jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia kuanzia saa 72 kabla ya kuondoka, vilinganishwe na orodha ya wanaotiliwa shaka. Mteja anayesumbuliwa kila safari kwa kufanana jina na mtu mwingine, mwelekeze aombe namba ya marekebisho (Redress Number) kupitia DHS TRIP, mpango wa wizara ile ya Marekani wa kupokea malalamiko ya wasafiri. Akiipata, iingize kwenye kila tiketi yake.

Jambo la pili ni zito zaidi. Atakuja mama anayetaka kwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Mtakapofika kwenye swali la fomu ya DS-160, yaani fomu ya kuomba visa ya Marekani, linalouliza kama amewahi kunyimwa visa, atanyamaza, kisha aseme kuna mtu amemshauri ajibu "hapana". Mwambie kwa heshima: "Mama, rekodi wanayo." Kunyimwa chini ya kifungu cha 214(b) maana yake ofisa hakuridhika kwamba angerudi nyumbani. Hilo linaelezeka, na anaweza kuomba tena. Uongo ni habari nyingine: kifungu cha 212 cha sheria yao ya uhamiaji kinaweza kumfungia milango maisha yake yote, asipopewa msamaha maalumu. Tangu 2019 fomu hiyo inauliza pia akaunti za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita. Wakala anayemjazia mteja uongo ili apate kamisheni anamwibia mjukuu bibi yake, na sitaki mmoja wenu awe mtu huyo.

Mjue pia kwamba ukaguzi wenyewe wa mpakani unaweza kufanyika ng'ambo. Marekani ilianza Toronto mwaka 1952, na sheria iliyotiwa saini Februari 2016 iliweka utaratibu wa kufungua vituo zaidi na kulitaarifu Bunge kabla. Nairobi hakuna kituo. Lakini mteja anayepitia Abu Dhabi atakaguliwa na maofisa wa Marekani palepale, kisha atatua New York kama aliyetoka Chicago. Mwachie muda wa kutosha wa kuunganisha ndege. Na mweleze mapema kwamba visa haimhakikishii kuingia. Akikataliwa Abu Dhabi, safari imeishia hapo.

Msimlaumu mhudumu wa kaunta anayepekua karatasi mara tatu. Sheria ya Uingereza ya 1999 inaweza kulitoza shirika la ndege pauni 2,000 kwa kila abiria asiye na hati zinazotakiwa. Mkenya anayebadilisha ndege London bila kutoka uwanjani bado anahitaji visa ya kupita, isipokuwa ana kibali kinachomwondolea sharti hilo, kwa mfano visa halali ya Marekani. Wengi hulijua hili wakiwa tayari kwenye foleni.

Kenya nayo ilifuta visa Januari 2024 ikaleta eTA, kibali cha kielektroniki kinachoombwa kabla mgeni hajasafiri. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakihitaji. Wageni wenu wanaotoka Ulaya kuja Mara waombeni nakala ya pasipoti siku ileile wanayolipa amana, msisubiri wiki ya safari.