Maswali na majibu: Kichwa cha treni cha zamani kabla hujakitupa

Safari hii barua nyingi zimehusu vichwa vya treni vya mfano vilivyolala kabatini miaka na miaka. Nimechukua nne.

Nimerithi kwa baba mkwe kichwa cha mvuke cha Tri-ang, kampuni ya zamani ya Uingereza ya treni za mfano, chenye mota yake iitwayo X04. Kinapata moto upesi na mabehewa mawili tu kinashindwa kuyavuta. Nikitupe?

Usikitupe, dada yangu. Mota hii iliundwa ifunguliwe na mtu yeyote mwenye bisibisi, ndiyo maana mpaka leo inatengenezeka. Anza na uchafu. Chomoa kaboni zote mbili, yaani vijiti vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, utazame duara la shaba ambalo zinaligusa. Likiwa jeusi, lifute kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, kisha pitisha kijiti cha meno katika mianya mitatu iliyopo kati ya vipande vya shaba; vumbi la kaboni hujaa humo na umeme hukatiza pasipo njia yake. Kaboni zikiwa zimelika, weka mpya, bado zinauzwa. Oili ni tone moja kila upande wa ekseli ya mota, basi.

Ikiendelea kupata moto, shuku sumaku. Sumaku ikichoka, mota huzunguka mbio lakini haina nguvu, na hula umeme mwingi. Wengi sasa huweka sumaku ndogo za neodimiamu, na kichwa huanza tena kuvuta. Nakuomba jambo moja: usiichomoe sumaku ya zamani ili uitazame tu. Ikitoka kati ya vyuma vyake hupungua nguvu, na ukiirudisha haiwi tena ile uliyoitoa.

Nataka kukitia kichwa kama hicho dikoda ya DCC, kile kifaa kidogo cha kuendesha treni kwa amri za kidijitali zinazopita relini. Fundi ameshaniunguzia mbili. Kosa liko wapi?

Pole, ndugu. Mara nyingi kosa ni kwamba mota bado inagusana kiumeme na chasisi, yaani fremu ya chuma ya kichwa. Katika mfumo wa zamani chasisi yenyewe ilikuwa waya. Itazame springi ya X04 inayobana kaboni: mkono mmoja umevishwa kimpira cha kuzuia umeme, wa pili uko wazi. Uvishe na huo. Kisha weka mita ya umeme kwenye kipimo cha mlio, kinacholia umeme ukipata njia, gusa kaboni moja na chasisi, halafu ya pili. Ikilia hata mara moja, usiunge kitu. Ikinyamaza, waya mwekundu wa dikoda uende reli ya kulia, mweusi ya kushoto, wa rangi ya chungwa na wa kijivu kwenye mota.

Na kabla ya kununua ya tatu, ipe mota volti 12, ishike isizunguke kwa sekunde moja, usome ampea. Dikoda nyingi za ukubwa huu hubeba ampea 1 hivi, na mota yenye sumaku iliyochoka inaweza kuipita. Kwa hiyo sumaku kwanza, dikoda baadaye.

Kichwa changu cha dizeli cha aina ya GP9, cha kipimo cha HO (1:87), cha miaka ya 1990, inalia tik-tik-tik ikitembea na kuchechemea kidogo.

Giya ya plastiki kwenye ekseli imepasuka. Itoe, iweke chini ya taa: utauona ufa mwembamba kama unywele katikati ya meno mawili. Gundi haifai, kwa sababu nafasi kati ya meno hayo imeshapanuka. Badilisha ekseli zote nne kwa pamoja, kwani zina umri mmoja, na upime upana wa magurudumu kwa geji ya NMRA, chama cha Marekani cha wapenda treni za mfano, kabla ya kufunga.

Chasisi ya kichwa changu cha kabla ya Vita Kuu ya Pili imevimba na inamomonyoka. Kuna dawa?

Hakuna, na inaniuma kusema hivyo. Chasisi kama hiyo ni ya aloi ya zinki, na aloi hiyo ikichanganyika na risasi kidogo hujila yenyewe kwa ndani, na unyevu huiharakisha. Usijaribu kuinyoosha, itavunjika mkononi. Toa mota, magurudumu na bodi (gamba la nje) mapema, kabla uvimbe haujaipasua bodi, uvihifadhi pakavu huku ukitafuta chasisi nyingine.