Mimba ya kwanza hapa Kisumu: uchungu ukianza, usikimbie

Mimba ikifika mwezi wa nane kila mtu ana lake la kukuambia. Jirani atakusimulia habari za aliyezalia ndani ya tuktuk pale Kondele, shangazi atakukataza mayai eti mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Mayai kula. Hayo mengine yasikilize kwa sikio moja.

Nimezaa mara mbili, na ninalowaambia wadogo zangu ni kwamba uchungu wa kifungua mimba hauna haraka. Tumbo linakaza, linaachia, linanyamaza hadi unadhani umedanganywa. Unaweza kuona ute mzito wenye damu kidogo. Hapo njia ndiyo kwanza inalainika, na hali hiyo inaweza kuchukua siku nzima. Kunywa uji, oga maji ya moto, lala ukiweza. Mimi mama mkwe alinipa ungo wa mchele nichague mawe, nikaona ananionea. Tumbo likikaza nashika ukingo wa meza, natoa pumzi polepole kwa mdomo. Likiachia narudi kwa mchele. Kulipokucha bado nilikuwa na nguvu, na nguvu hizo ndizo nilizosukumia.

Maumivu yakija kila dakika tano, yakikushika karibu dakika nzima na huwezi kuongea, toka nyumbani. Lakini kuna mambo yasiyongoja hayo: chupa kupasuka hata kama huna uchungu (maji yakiwa ya kijani, fanya hima zaidi), damu kutiririka, kichwa kuuma vibaya na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, mtoto kuacha kucheza. Ukiona mojawapo, achana na mchele.

Ndiyo maana usafiri unapangwa mapema. Uwe na namba za madereva wawili wa tuktuk wanaokubali kuamshwa usiku, na nauli iwe imewekwa kando. Kitabu cha kliniki na kitambulisho vikae ndani ya mfuko pamoja na leso, pamba na nguo za mtoto. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hivyo jisajili na ulipe mchango mapema, kisha uliza hospitali unayoitaka inakubali nini.

Kliniki nayo anza mapema. Huku kwetu ziwani malaria inaweza kujificha kwenye kondo la nyuma bila hata homa, mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Zile tembe za SP za kukinga malaria, sista anazokupa umeze mbele yake, zinaanza baada ya wiki ya 13, kisha kila mwezi. Anayetumia dawa ya Septrin hapewi, kwa hivyo sema. Lala ndani ya neti. Na odowa, lile jiwe la udongo wanalotafuna wajawazito, najua tamu yake, najua inavyouzwa soko la Jubilee, lakini inazuia mwili kupata madini ya chuma, na damu utaihitaji siku hiyo.

Hospitalini sista atakupima njia kwa vidole, kisha atakuacha kama saa nne kabla ya kurudi. Hajakusahau. Ikipita sentimita tano mambo huanza kwenda kasi, na ikifika kumi ndipo unasukuma. Ukihisi kama unataka kwenda haja kubwa, mwite, usiende chooni. Mtoto akishatoka awekwe kifuani, utadungwa sindano ya kuzuia damu kumwagika, kondo litoke, na mtoto anyonye ndani ya saa moja. Maziwa yale mazito ya manjano usiyakamue ukayamwaga, hata nyanya akisema ni machafu.

Jambo moja hakuna aliyenidokezea: ukinyonyesha siku za kwanza tumbo linauma tena, kwa sababu kizazi kinajikunja kirudi mahali pake. Kwa mtoto wa pili huwa kali zaidi. Mimi lilinikunja nikamwita sista usiku wa manane. Omba tembe za maumivu, usione haya.