Suruali ya Mkunjo: Mambo ya Kuamua Kabla Fundi Hajashika Mkasi

Kitambaa kikishakatwa, mjadala umekwisha. Swali la mkunjo wa chini ya suruali, ule unaopandishwa kwa nje ukazunguka mguu juu kidogo ya kiatu, huulizwa wakati kitambaa kingali ndani ya mfuko wa dukani. Vijana wengi wanaonijia na swali hili huja na suruali ambayo tayari imepunguzwa, imepigwa ovaloki, na mabaki yameshafagiliwa. Hapo ninachoweza kuwapa ni pole.

Nimevaa suruali za aina zote mbili hapa Mwanza kwa miaka mingi, kazini, ibadani, harusini na misibani, na msimamo wangu haujayumba: mkunjo ni uzito. Watu huujadili kama urembo, au kama alama ya mtu wa makamo, lakini kazi yake hasa ni kuvuta kitambaa kishuke. Chini ya mguu unakuwa umeongeza tabaka kadhaa za nguo, na tabaka hizo zinafanya kazi ya timazi kwenye kamba ya fundi mwashi. Mstari wa pasi unanyooka, mguu wa suruali hauchezi ovyo unapotembea, na ukikaa kisha ukasimama, suruali inarudi chini yenyewe bila wewe kuivutavuta. Kwa hiyo jiulize mambo mawili tu. Je, kitambaa hiki kinahitaji uzito huo? Na je, njia unazopita kila siku zitauvumilia?

Tuanze na kitambaa. Kitambaa cha suti chenye sufu, gabadini nene au kadeti nzito hupokea mkunjo bila ubishi. Kitani nacho nakipenda kikiwa na mkunjo, ingawa wapo mafundi wanaonikatalia. Wanasema ni chepesi mno, nami nasema ndiyo sababu yenyewe. Mchana upepo unapotoka ziwani kuja nchi kavu, simama pale Kamanga ukisubiri kivuko uone suruali ya kitani isiyo na uzito chini inavyojizungusha kwenye miguu ya mwenyewe. Tetroni laini ni habari nyingine. Ukiikunja, kingo za ndani zinajichora kwa nje, na pasi ikizidi moto kidogo inaacha alama ya kung'aa pembeni mwa mkunjo ambayo haitoki tena. Tetroni iache wazi. Jinzi haihitaji fundi wala ushauri wangu: kunja kwa mkono asubuhi, kunjua jioni.

Kisha tazama kiunoni. Suruali yenye marinda ina nafasi mapajani, na nafasi hiyo ikiteremka bila kitu cha kuishika chini, mguu unaonekana mpana na mlegevu. Hapo mkunjo una kazi ya kufanya. Suruali isiyo na marinda, iliyonyooka tu, inapendeza zaidi ikiishia kwa pindo la kawaida lisiloonekana. Modo iliyobana ukiiwekea mkunjo unapata pete mbili ngumu juu ya viatu. Kipimo changu ni hiki: laza suruali mezani, pima upana wa chini kwa tepu. Ukipungua inchi saba, achana na mkunjo.

Upana huo unanileta kwenye jambo ambalo mafundi wazuri wanalijua na wengine wanalipita haraka. Suruali nyingi huanza pana juu, zikaenda zikipungua hadi chini. Sasa, sehemu itakayopandishwa kwa nje inatakiwa ikae juu ya sehemu pana kuliko pale ilipoishia. Fundi akiendelea kukata kwa kupunguza hadi mwisho wa kitambaa, mkunjo utabana, suruali itajikusanya na kutoa vikunyanzi pembeni. Dawa yake ni kwamba akishafika kwenye mstari wa urefu wako, chaki ianze kufungua tena kwenda nje, ili kitambaa kikigeuzwa kiendane na mguu. Muulize kabla: “Mzee, shikamoo. Chini ya mstari utapanua?” Akikujibu “Marahaba mwanangu, bila shaka,” huku mkono wake ukionyesha mwelekeo wa chaki, kaa kwa amani. Akikutazama tu, kitambaa chako kipeleke kwa mwingine, kwa adabu.

Na kitambaa kiwepo cha kutosha. Mkunjo wa inchi moja na nusu unakula inchi tatu, kwa sababu kitambaa kinapanda na kinashuka tena, na juu ya hapo unahitaji karibu inchi moja ya kugeuzia ndani. Inchi nne kila mguu, chini ya urefu wako. Pindo la kawaida linatosheka na inchi moja na nusu au mbili. Kama kitambaa ni cha pamba, kiloweke, kianike, kipige pasi, ndipo kipelekwe kwa fundi. Pamba hurudi ikifuliwa, na suruali ya mkunjo ikirudi inaonekana haraka kuliko nyingine.

Urefu nao hubadilika. Pindo la kawaida fundi anaweza kulilaza, mbele likapanda kidogo na nyuma likashuka nusu inchi kufunika kisigino. Mkunjo hauwezi kulala hivyo, lazima uwe sawa mzunguko mzima. Kwa hiyo huna budi kuchagua urefu mfupi kidogo, unaogusa kiatu bila kukilalia. Nenda kwa fundi na viatu utakavyovivalia suruali hiyo. Mtu anapimwa akiwa na ndala, halafu siku ya tukio anavaa moka, kisha anashangaa mbona soksi zote ziko nje.

Urefu wa mwili wako una neno lake pia. Mstari wa kulala unaukata mguu, na mguu mfupi ukikatwa unazidi kuwa mfupi. Warefu wanaweza kwenda hadi inchi mbili, wa wastani moja na nusu, na wafupi sana nawashauri waache, au wavae suruali na soksi na viatu vya rangi zinazokaribiana ili mstari usipige kelele. Kama unataka suruali iishie juu ya kifundo cha mguu kwa sababu za dini, mwambie fundi wazi tangu mwanzo. Pindo la kawaida lililopimwa vizuri litakufaa zaidi kuliko kukunja.

Sasa njia zetu. Mwanza ni jiji la mawe, mchanga na vilima, na mkunjo ni mfuko ulio wazi juu. Kiangazi kikipamba moto, mtu anayeshuka kwa mguu kutoka Bugarika hadi mjini anafika na mchanga ndani ya suruali. Ukipita mwaloni Kirumba asubuhi, pale dagaa wanaposhushwa na kupimwa, tarajia kukuta magamba na harufu yake ikufuate hadi ofisini. Mimi mwenyewe nimewahi kutoa humo punje za mchele, tiketi ya kivuko na sarafu ambayo nilikuwa nimeshamshuku kondakta. Mvua za masika nazo zinaujaza tope kwa nyuma, na tope likikauka ndani ya tabaka linashika kitambaa hata baada ya kufuliwa. Anayeendesha baiskeli asiulize hata kidogo: mkunjo wa mguu wa kulia na mnyororo hawajawahi kuelewana. Nyuma ya bodaboda hali ni nafuu, ila angalia ekzosi.

Haya yote hayanifanyi niukatae. Yananifanya nimwambie fundi aushike kwa mkono, si kwa cherehani. Ndani pindo lishonwe kama kawaida, lakini ule mkunjo wa nje ushikiliwe kwa uzi mahali pawili tu, kwenye mshono wa ndani ya mguu na mshono wa nje. Kila baada ya safari ya vumbi unaukunjua kidogo mbele na nyuma, unakung'uta, unapitisha brashi. Wakati wa kufua kata nyuzi hizo, shusha mkunjo wote, safisha, piga pasi kwa ndani kwanza, ndipo urudishe. Uzi na sindano kila nyumba inavyo. Mkunjo uliozungushiwa cherehani unabaki na uchafu wake mpaka suruali inachakaa.

Kuna wanaosema huu ni mtindo wa kizee. Mitindo inakwenda na kurudi; walioziona bugaluu mitaani wanajua. Mkunjo wenyewe mara nyingi huhusishwa na Edward wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa 7 mwaka 1901, ambaye akiwa bado mwana wa mfalme alionekana na suruali iliyopandishwa chini. Ni mtoto wa Malkia Victoria, ambaye jina lake John Hanning Speke alilipa ziwa letu mwaka 1858, alipolifikia upande huu huu wa Mwanza. Basi ukikunja suruali kando ya ziwa, mama na mtoto wamekutana. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku mkunjo kwenye suruali za wanaume ili kuokoa kitambaa. Wanaume walichukia. Wengine wakawa wananunua suruali ndefu kuliko miguu yao na kwenda kuzikunja nyumbani, na mwaka 1944 katazo likaondolewa. Nalitaja kwa sababu linathibitisha hesabu ya inchi nne: kitambaa kinachokwenda humo ni kingi kiasi cha serikali kukiona.

Kwa harusi, kanuni ni fupi. Suti nyeusi ya sherehe ya usiku, ile yenye kola ya hariri na tai ya kipepeo, haiwekewi mkunjo. Suti ya kawaida ya mchana, hiari yako. Lakini kamati ikiamua wasimamizi wote wa bwana harusi wavae suruali za mkunjo, ingilia kati. Vijana sita wenye vimo sita tofauti wakisimama mstari mmoja kwa picha pale ufukweni, mistari ya miguu yao inapanda na kushuka, na jicho haliendi kwa bibi harusi tena.

Mitumba ina faida yake. Ukiwa Mlango Mmoja au Makoroboi, geuza chini ya suruali utazame ndani kabla ya kuuliza bei. Suruali ya mkunjo imebeba akiba: ukiishusha unapata urefu wa ziada, na mtu mrefu anayehangaika kupata saizi yake anaweza kutoka nayo akiwa amependeza. Ila tazama mstari wa ule mkunjo wa zamani. Kama nguo imepauka kwa jua au kufuliwa sana, mahali palipokuwa pamefichwa patabaki na rangi nzito, na hakuna pasi itakayopaficha. Ukikuta suruali ya pindo la kawaida yenye inchi mbili tu ndani, usimkubali muuzaji anayekuambia fundi atakutengenezea mkunjo. Hataweza bila kufupisha suruali au kuunga kipande.

Kijana anayeanza kazi na ana pesa ya suruali mbili tu, ningemwambia hivi. Ya kwanza nyeusi au bluu nzito, bila marinda, bila mkunjo. Hiyo itakwenda usaili, msibani na kanisani au msikitini bila mtu kuuliza. Lakini hata hiyo mwambie fundi asikate kilichozidi, akigeuzie ndani kiasi kitambaa kitakachoruhusu. Ya pili iwe ya kijivu au kahawia, kitambaa kizito, marinda kiunoni, na hiyo ndiyo uikunje inchi moja na nusu. Ivae mwezi mmoja wa kiangazi. Ukichoka kukung'uta mchanga, kata zile nyuzi, shusha, na fundi akufanyie pindo la kawaida. Kitambaa kitakachobaki ondoka nacho, mifuko ya suruali hutoboka.