Kabla ya Kuilaumu Intaneti ya Jirani, Kagua Maikrofoni Zako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa fundi mmoja kijana ambaye, kama mimi, anaendesha mitambo ya sauti hapa Marekani. Maikrofoni zake tatu zisizo na waya zilikuwa zikikatika katikati ya hafla, mteja amemnunia, na mtu fulani alikuwa amemweleza kwamba chanzo ni kampuni ya intaneti ya vijijini iliyofunga antena kwenye mnara ulio karibu na ukumbi, ile inayotumia chaneli za televisheni zisizo na kituo. "Kaka, nikamshitaki wapi huyu?" ndivyo alivyomalizia.

Nilimjibu kwa kumwomba anitajie masafa aliyoyapanga. Akaniandikia 519.0, 519.4 na 519.8, yote kwa megahezi, yote ndani ya chaneli ya 22. Kwa macho, mpangilio huo unapendeza, kwa sababu nafasi kati ya maikrofoni na maikrofoni ni sawasawa. Hewani, huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote. Maikrofoni mbili zinaporusha mawimbi zikiwa karibu, mawimbi hayo huchanganyika ndani ya saketi za virushi na vipokezi na kuzaa masafa mengine ambayo hakuna mtu aliyeyapanga. Chukua 519.4, izidishe kwa mbili, kisha toa 519.0: jibu ni 519.8, mahali hasa alipoiweka maikrofoni yake ya tatu. Nilimwambia aihamishie 520.1, ambako ukipiga hesabu ya kila jozi, na ya zote tatu kwa pamoja, hakuna jibu linaloangukia juu ya maikrofoni yoyote. Hafla iliyofuata ilikwisha bila mkwaruzo hata mmoja, na ile kampuni ya intaneti haijui hadi leo kwamba ilikuwa karibu kushitakiwa.

Simcheki kijana huyu, kwa sababu malalamiko kama yake yananijia mara kwa mara, na katika mengi niliyopata kuyachunguza mtuhumiwa hakuwa na kosa. Ndiyo maana nataka kuwaambia wenzangu, hasa sisi tunaotamani siku moja kukabidhiwa majukwaa makubwa, kwamba kugawana chaneli tupu za televisheni na vifaa vya data, yaani mitambo ya intaneti kama ile ya mnarani, ni jambo linalowezekana kabisa, ila kwa fundi aliyekwisha kupanga masafa yake na kuyaandikisha.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtambo wa gharama. Zima maikrofoni zote, acha vipokezi vikiwa vimewashwa, kisha tazama taa za nguvu ya mawimbi kwenye kila kipokezi. Taa ikiwaka huku hakuna kinachorusha jukwaani, una mgeni kutoka nje: kinaweza kuwa kituo cha televisheni, kinaweza kuwa kifaa cha data, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani ni ukuta wa skrini za LED ulio nyuma ya mzungumzaji, ambao hutoa kelele za redio kila unapowashwa. Taa zikiwa zimezimika, anza kuwasha maikrofoni moja baada ya nyingine, huku umezitenganisha mezani na si kuzirundika, na utazame ni ipi inayowasha taa ya kipokezi kisicho chake. Ukimpata mhalifu kwa njia hii, basi ametoka kwenye sanduku lako mwenyewe.

Hofu ya mafundi juu ya vifaa vya data haikutoka hewani tu. Mwaka 2008, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipokuwa ikitafakari kuruhusu vifaa hivyo, wazo lililopendwa na kampuni za teknolojia lilikuwa kwamba kifaa chenyewe kitasikiliza hewani, na kikihisi chaneli ina mtumiaji kitahama. Vifaa vya majaribio vikapelekwa kwenye uwanja wa FedExField na kwenye ukumbi wa Majestic Theatre wa Broadway, mtaa wa maonyesho wa New York, ili kuona kama vingeweza kuhisi maikrofoni katika mazingira ya kazi, na matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa, kwani kulikuwa na chaneli zilizotangazwa kuwa zimeshikwa hata maikrofoni ilipozimwa, na nyingine zilizotangazwa kuwa tupu maikrofoni ikiwa inarusha. Watu wa maonyesho wakapiga kelele, na mwanamuziki Dolly Parton mwenyewe akaiandikia tume barua ya kuzitetea maikrofoni. Nakiri kwamba barua hiyo ilinifurahisha, maana si kila siku kazi yetu ya nyuma ya pazia hupata msemaji wa kiwango kile.

Lakini sababu ya kushindwa kwa vifaa vile inatuhusu sisi pia, na hapa ndipo wengi hawataki kusikia. Kituo kikubwa cha televisheni cha UHF, yaani masafa ya juu ya televisheni ambamo maikrofoni zetu nazo hufanya kazi, kinaweza kurusha kwa nguvu inayofikia kilowati 1,000, wakati maikrofoni isiyo na leseni ya FCC hairuhusiwi kuzidi miliwati 50 katika chaneli za televisheni, inashika takriban kilohezi 200 tu ndani ya chaneli yenye upana wa megahezi 6, na imefungwa kwenye mwili wa binadamu, ambao hunyonya mawimbi. Mtu aliye nje ya ukumbi akiisikiliza maikrofoni hiyo ni kama anayetafuta mnong'ono nyuma ya ukuta. Hakuna sheria inayoweza kumlazimisha jirani asikie kisichosikika; kilichowezekana ni kumpa orodha.

Orodha hiyo ndiyo hifadhidata. FCC ilipitisha kanuni za kwanza tarehe 4 Novemba 2008, na Septemba 2010 ikaviondolea sharti la kuhisi hewani vile vifaa vinavyojua mahali vilipo na kuuliza hifadhidata ni chaneli zipi vinaweza kutumia. Kifaa kinatuma mahali kilipo, hifadhidata inatazama vituo vya televisheni na maikrofoni zilizoandikishwa, kisha inajibu. Katika kanuni hizo za 2010, mahali palipoandikishwa maikrofoni palilindwa kwa umbali wa kilomita 1 dhidi ya kifaa kilichofungwa mahali pamoja, ambacho wakati huo kiliruhusiwa kurusha hadi wati 4, na kwa mita 400 dhidi ya kifaa cha kubebeka. Kifaa kilitakiwa kurudi kuuliza angalau mara moja kwa siku, na mwaka 2022 muda huo ukafupishwa kuwa kila saa. Ukiyatafakari maelezo haya utaona kwamba ulinzi wote unasimama juu ya jambo moja: jina la ukumbi wako, chaneli zako na saa zako za kazi viwe vimeandikwa kabla ya jirani kuuliza. Usipoandikwa, jirani akiwasha mtambo wake juu ya masafa yako hajavunja kanuni yoyote.

Mimi niliyasema haya mapema, na niliumia kwa kuyasema. Kulikuwa na mwandaaji mmoja wa mikutano mikubwa ambaye nilimpelekea makadirio ya kazi yaliyojumuisha muda wa kuandaa orodha ya masafa na kuiandikisha. Aliniuliza mbele ya wasaidizi wake kama nimekuja kupiga sauti au kujaza fomu, wote wakacheka, na kazi akapewa mtu mwingine aliyekuwa na bei ya chini na ambaye hakutaja neno masafa hata mara moja. Niliondoka pale kimya, lakini sitasema kwamba sikuumia. Mpaka leo nikipita karibu na jengo lile nakumbuka kicheko kile. Msimu uliofuata alinipigia simu mwenyewe. Sikumuuliza yaliyompata, na yeye hakunieleza. Nilimtumia makadirio yale yale yakiwa na bei mpya, na alilipa. Tangu hapo nimesimamia mikutano yake, mmoja wapo ukiwa katika mji wenye mtambo wa data unaoonekana kwa macho kutoka mlango wa nyuma wa ukumbi, na nasema kwa fahari kwamba hakuna maikrofoni iliyokatika kwa sababu ya mtambo ule. Tulikuwa tumeandikishwa, basi.

Watu huniuliza kwa nini ni sisi tunaolindwa na si mwenye intaneti. Jibu liko katika namna kazi mbili hizi zinavyotumia hewa. Data husafiri katika vipande, na kipande kikipotea mtambo hukirudia bila mtumiaji kujua, na chaneli ikiharibika kifaa kinaweza kuhamia nyingine. Sauti ya mzungumzaji haina nafasi ya kurudiwa. Neno likipotea mbele ya hadhira limepotea, na huwezi kuhamisha masafa ya maikrofoni iliyo mfukoni mwa mtu anayehutubia. Ni haki, kwa hiyo, anayeweza kusubiri ampishe asiyeweza.

Hata hivyo, ndugu zangu mafundi, tuache kujiona wenye nyumba. Maikrofoni nayo ni mpangaji katika chaneli za televisheni. Hata yenye leseni lazima ikipishe kituo cha televisheni, na isiyo na leseni haina ulinzi wowote dhidi ya mwingiliano. Nimewasikia wenzangu wakiwasema vibaya wenye intaneti ya vijijini, watu wanaopeleka mtandao mahali ambapo waya haufiki kwa kutumia mawimbi yanayopenya miti na kuta, na nimewauliza: ni nani hasa aliyetuhamisha? Tulitolewa kwenye megahezi 698 hadi 806 mwaka 2010, baada ya televisheni ya analogia kuzimwa, na tukatolewa sehemu kubwa ya bendi ya megahezi 600 baada ya mnada wa masafa wa FCC uliokamilika mwaka 2017, ambapo megahezi 84 ziliondolewa kwenye televisheni na zabuni zikafikia takriban dola bilioni 19.8. Tarehe ya mwisho ya maikrofoni kuondoka katika sehemu zilizouzwa ilikuwa 13 Julai 2020. Mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa kampuni ya simu. Nao mnada huo ulivihamisha vituo vingi vya televisheni kwenda chaneli za chini, kwa hiyo fundi aliyeendelea kutumia orodha ya zamani ya masafa alijikuta siku moja amekaa juu ya kituo kipya chenye nguvu ya kutisha, akailaumu intaneti. Orodha ya masafa ina umri. Itazame upya kila unaporudi kwenye ukumbi, hata kama ulikuwa hapo hivi karibuni.

Sasa, kuhusu leseni, ambayo ndiyo mlango wa hifadhidata. Zamani ilikuwa ya watangazaji na watengenezaji wa filamu, lakini mwaka 2014 FCC iliifungulia mlango kampuni ya sauti au ukumbi unaotumia kwa kawaida maikrofoni 50 au zaidi. Ukifikia idadi hiyo, hesabu pamoja na vifaa vya masikioni vya wanamuziki, maana navyo vinahesabiwa, iombe bila kuchelewa. Unapata ruhusa ya hadi miliwati 250 katika UHF ya televisheni, haki ya kuandikishwa, na pia kipande cha megahezi 653 hadi 657 ambacho vifaa vya data haviruhusiwi kukigusa. Unapoandikisha, andika saa za majaribio ya sauti pamoja na za hafla, kwa kuwa nimeona watu wakilinda jioni ya onyesho na kuacha mchana wa majaribio wazi, kisha wanapanga masafa mapya kwa hofu wakati milango inakaribia kufunguliwa.

Kwa aliye chini ya idadi hiyo, kama kijana aliyeniandikia, hifadhidata haitamsaidia, na ushauri wangu ni wa kazi ya mikono. Tafuta kwanza chaneli tupu moja iliyobanwa kati ya vituo viwili vya televisheni, kwa sababu kanuni zinakibana zaidi kifaa cha data kinapopakana na kituo, na maikrofoni zako chache zinatosha humo. Weka antena za vipokezi karibu na jukwaa, juu ya vichwa vya watu, zikiwa zinaona maikrofoni bila kizuizi, badala ya kuziacha nyuma ya ukumbi pembeni ya meza yako na kisha kuongeza nguvu kila mahali. Kipande cha megahezi 657 hadi 663 kiko wazi kwako kwa miliwati 20, ingawa vifaa vya data navyo vinaruhusiwa humo, kwa hiyo kitumie kwa maikrofoni za akiba na si kwa ya mzungumzaji mkuu. Na mzungumzaji mkuu akikubali kusimama mahali pamoja, mpe maikrofoni yenye waya.