Steringi naye anakufaje?

SWALI: Dada habari za kazi, mwenzenu nimechelewa ndo naanza Game of Thrones, nikampenda yule mzee Ned Stark, kufika episodi ya tisa wamemkata kichwa! Tangu lini steringi akafa sizoni ya kwanza? Hawa waandishi wanapata faida gani kututoa machozi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole mdogo wangu, wenzio tulilia 2011. Ila usiwalaumu sana watu wa TV, Ned alishauawa kwenye kitabu cha George R. R. Martin tangu 1996. Na kile kifo kina kazi, bila kile mwanae Robb hapewi ufalme, watoto hawatawanyiki, na wewe kuanzia hapo kila mtu ukimwona unaanza kumhofia, ndo faida yenyewe hiyo.

Vifo vingine ni mkataba tu. Dan Stevens wa Downton Abbey alisaini miaka mitatu, ikaisha akaaga, basi Krismasi ya 2012 Waingereza wameshiba wamekaa sebuleni wanamwona Matthew, ndo yeye huyo Dan, katoka kumpakata mwanae mchanga, yuko kwenye gari anachekelea mwenyewe, mara lori hilo! Derek wa Grey's Anatomy, 2015, naye lori. Siku hizi nikiona steringi anaendesha huku anatabasamu peke yake naanza kutafuta leso.

Lakini mkataba sio kisingizio, maana wapo wanaojua kuua. Kwenye M*A*S*H, ile tamthilia ya madaktari wa jeshi la Marekani, 1975, McLean Stevenson alikuwa anaondoka, wakaandika kwamba Henry Blake, yule mkuu wao, karuhusiwa kurudi kwa mkewe toka vita ya Korea, watu wameagana vizuri kabisa, halafu kijana Radar anaingia chumba cha upasuaji na karatasi, anasoma kwamba ndege imedunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyepona. Waigizaji wengi ukurasa wenye habari hiyo walipewa dakika za mwisho kabla ya kurekodi. Na madaktari hawaachi kazi, wanaendelea kushona majeruhi machozi yako nyuma ya barakoa. Watazamaji waliandika barua za hasira kibao, ila mi naona ndo kifo cha vita kilivyo, hakisubiri umalize furaha yako.

SWALI: Sara wa Prison Break si alikatwa kichwa kikawekwa kwenye boksi? Mbona karudi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Mwigizaji na maprodyuza hawakuelewana 2007, 2008 wakapatana, tukaambiwa eti kichwa kilikuwa cha mtu mwingine, na sisi tukameza. Afadhali hao, Dallas walimuua Bobby Ewing 1985, 1986 mpenzi wake Pam anaamka, anaingia bafuni anamkuta jamaa anaoga, sizoni nzima ilikuwa ndoto. Watu wamemlilia mwaka mzima kumbe bibi kalala!