Maoni ya mtu aliye katikati ya kitabu

Mleta uzi umeuliza tunasoma nini kwa sasa na tunakionaje. Wewe mwenyewe umesema uko kwenye Kusadikika cha Shaaban Robert, umefika kwa mjumbe wa tatu, unaona kama hadithi inajirudia, ila unaona haya kusema hivyo kwa sababu hujamaliza. Hayo maneno yako ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike kwa urefu. Kwa miaka mingi nami niliamini kwamba mtu hana haki ya kukisemea kitabu mpaka afunge jalada la nyuma. Siku hizi naamini anayo haki hiyo tangu ukurasa wa kwanza, mradi aseme amefikia wapi.

Mkononi nina vitatu.

Kinachonishika zaidi ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Nimefika nusu. Cha Kiingereza nilikisoma zamani, kwa hiyo mwisho wake naujua na sitausema hapa. Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Anampenda Aziz, tajiri anayepita kwao mara kwa mara na kumwachia sarafu kila anapoaga. Siku moja anaambiwa ajiandae, atasafiri na Aziz. Anapanda treni, na kwa muda safari yenyewe inamteka hata hajiulizi sana. Huko aendako anamkuta Khalil, kijana anayekaa dukani kwa Aziz, na Khalil ndiye anayemfumbua macho: huyu unayemwona ndugu si ndugu yako. Baba yako anadaiwa, nawe ndiwe rehani.

Nilipokisoma kwa Kiingereza, maneno kama seyyid na mnyapara yalikaa kwenye ukurasa kama wageni sebuleni, wamevaa vizuri, wanatazamwa. Kwa Kiswahili yamekuwa wenye nyumba. Nilidhani hilo litakipunguzia kitabu nguvu. Badala yake Aziz amezidi kunitisha. Upole wake, salamu zake, ile adabu yake ya kutopandisha sauti, vyote sasa navisikia kwa lugha ninayoamkiwa nayo kila siku, na ninajua kabisa ni watu wa namna gani huzungumza hivyo huku wamekushika shingo.

Kuna neno moja limenisimamisha. Khalil humwita Yusuf kifaurongo. Katika kile cha Kiingereza neno hili limebaki la Kiswahili, na asiyejua lugha yetu analipita tu. Sisi tuliocheza na ule mmea tukiwa wadogo tunaujua: ukiugusa kwa ncha ya kidole majani yanajikunja mawili mawili, tawi linalegea kama limekauka, ukisogea kando ukatulia linafunguka tena. Kabla sijafika hapo nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu kwamba Yusuf ni mhusika aliyepooza, kila mtu anamburuta naye anafuata. Nilipolitafakari lile neno nikarudi nyuma kurasa kadhaa kumtazama upya. Ni kweli kila mkubwa akimgusa anajikunja, ananyamaza. Lakini akiachwa peke yake, hasa anapoitazama ile bustani yenye ukuta ya Aziz, anafunguka, anatamani, anaota. Hakuwa amepooza. Alikuwa anajikinga. Yale maoni ya kwanza sikuyafuta, niliandika mengine chini yake na tarehe, na sasa yote mawili yapo.

Nilifurahi pia kukutana tena na Kalasinga, fundi Singasinga mwenye nia ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ilhali Kiarabu hakijui, na jamaa zake wanambana kwa maswali. Kuwasoma watu wakibishana kuhusu kutafsiri kitabu kwa Kiswahili, ndani ya kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, ni raha ambayo msomaji wa Kiingereza hawezi kuipata.

Cha pili ni Nagona cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1990. Kitabu chembamba, lakini nimeshakiweka chini mara tatu. Safari hii ya nne nakisoma kwa sauti, kurasa mbili tatu kwa siku, na imenisaidia. Kezilahabi alikuwa mshairi kabla ya Nagona. Kichomi kilitoka 1974 na kikazua ubishi mkubwa kuhusu ushairi usiofuata vina na mizani. Nikiisoma Nagona kama riwaya, nikitafuta nani kafanya nini na kwa nini, napotea. Nikiisoma kama shairi refu, nakaa na picha moja hadi inizoee, halafu nasonga. Maoni yangu kwa sasa: sijaielewa, na sitaki kuiacha. Hayo nayo ni maoni kamili.

Cha tatu nakirudia. Ni Rosa Mistika, cha Kezilahabi huyo huyo, cha 1971, ambacho kuna wakati kilizuiwa mashuleni. Nilipokisoma ujanani nilikisoma kama mtahiniwa: dhamira, malezi mabaya, ujumbe, wazazi wasiwe wakali kupita kiasi, alama nikapata. Zakaria, babake Rosa, nilimwona kama shetani wa kitabu, mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na nikaishia hapo. Sasa nina watoto. Zakaria bado namchukia, lakini jicho langu limehamia kwa Regina, mama yake Rosa. Ujanani sikumwona kabisa. Safari hii kila akitokea napunguza mwendo. Anabeba nyumba nzima, anapigwa, na bado watoto wanamtazama yeye wajue leo kutakuwaje. Ningeulizwa shuleni nimweleze Regina ningeandika mistari miwili: mke mvumilivu, mama mwenye upendo. Leo naona neno “mvumilivu” ni njia ya kumkwepa.

Sasa niseme kwa nini jambo hili naliona zito.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasoma Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka 1999. Nilikuwa kwenye sehemu za mwanzo, pale Yasmin, msichana mdogo, ameozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa. Dada mmoja ninayemheshimu sana kwa usomaji wake akaniuliza kinaendeleaje. Nikamjibu, “Ni hadithi ya ndoa ya kulazimishwa tu, tumeshazisoma nyingi.” Sikumwambia niko ukurasa wa ngapi. Nilisema kama mtu aliyemaliza. Yeye alikuwa nacho nyumbani, akakirudisha rafuni.

Mimi nikaendelea. Yasmin akatoroka, akaingia nyumbani kwa Mwajuma, na kitabu kikabadilika mikononi mwangu. Akaja Denge, zikaja harakati za chinichini za kupinga utawala wa kikoloni Zanzibar, zikaja ngoma na magazeti ya siri na askari wanaonusa kila kona. Ile ndoa ya mwanzo, niliyoiita hadithi tu, ikaonekana kuwa ndiyo mlango wa yote: msichana anayekataa kumilikiwa anakutana na watu wanaokataa kumilikiwa. Nilimaliza usiku wa manane. Asubuhi nikampigia yule dada nikamwambia nilikosea. Akacheka, akasema sawa, atakitafuta siku moja. Nijuavyo mimi hakukisoma. Sentensi yangu moja ya haraka ilitosha kumfungia kitabu, na simu yangu ya kuomba radhi haikutosha kukifungua.

Ndiyo maana siku hizi naandika ukurasa kila ninapotoa maoni, iwe kwenye daftari au kwa mtu. “Uk. 31, nimechoka na maelezo.” “Uk. 88, narudisha maneno yangu.” Mtu akiniuliza kitabu kikoje, namwambia kwanza nimefika wapi, halafu namwonyesha mahali pamoja palipofanya nione hivyo. Ukisema “kizuri sana” au “kinaboa” hujanipa kitu cha kushika. Ukiniambia umechoka kwa sababu kila sura inaanza kwa mvua, hapo naweza kukubishia, au nikakisoma kwa kuifuata hiyo mvua.

Wapo watakaosema basi tusubiri tu tumalize, tusije tukapotosha watu. Nimewahi kujaribu. Tatizo ni kwamba ukishamaliza, mwisho unakula kila kitu. Unasahau ulivyochoka katikati, ulivyomdhania vibaya huyu, ulivyomwamini yule msaliti kwa kurasa mia. Unabaki na hukumu tupu. Mimi ninachokitaka kwa msomaji mwenzangu ni zile dhana alizokuwa nazo njiani, hata zile zilizokuja kuanguka, kwa sababu mara nyingi mwandishi alizipanda makusudi. Kuhusu kufichua mwisho sina mengi: usiufichue bila kuombwa.

Na kuacha kitabu si kosa. Sema umekiachia wapi tu.

Turudi kwako na Kusadikika. Ulichokiona si kosa la usomaji wako. Karama anashitakiwa na Majivuno kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, naye anajitetea kwa kuwasimulia wajumbe sita waliotumwa pande tofauti: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anakwenda, anateseka, anarudi na mambo mema ya kuifaa nchi yake, na malipo yake ni kifungo. Kwa hiyo ndiyo, inajirudia. Mimi nilipokuwa hapo ulipo wewe nilichoka vilevile, nikaanza kuruka maelezo ya safari. Kisha nikakumbuka kwamba Karama anayasema haya yote mbele ya baraza lile lile lililowafunga hao wajumbe, na kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1951, chini ya ukoloni. Nikaacha kuwatazama wajumbe nikaanza kuwatazama wanaomsikiliza Karama. Ukimfikia mjumbe wa nne, hebu fanya hivyo, halafu urudi hapa utuambie uko ukurasa wa ngapi na unawaonaje.